Ndovu wa Mbao na Foleni Yake

Jumatatu, 24 Novemba 1997

Mtihani wa mwisho niliufanya wiki iliyopita, na leo nimeamka sina pa kwenda. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mama amesema kwa kuwa sasa mimi si mwanafunzi tena, nifue mapazia. Nimeyafua. Hayakauki.

Baada ya Adhuhuri Baba alirudi kutoka dukani akasema shangazi yangu wa Kisauni ameomba nikakae naye. Ana cherehani na ana watoto wadogo. "Atajifunza kushona, na amsaidie mwenziwe kabla Ramadhani haijaingia," alisema. Alimwambia Mama, si mimi. Nikajibu, "Ndiyo, Baba," maana ndilo neno linalokaa karibu na mdomo wangu. Lakini barabara ya Mombasa imekatwa na maji. Itabidi tungoje.

Jumatano, 26 Novemba

Ami Mbaruk, mdogo wake Baba, ameniomba niende kwenye karakana yake nikapake rangi mpaka barabara itengenezwe. Baba amekubali, kwa sharti niwe nyumbani kabla ya Magharibi. Karakana iko nyuma ya soko la Voi. Huko hutengenezwa milango ya chuma na vitanda, na baiskeli zilizokufa hufufuliwa au hukatwa vipande.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mradi unaowasaidia wakulima wa Kasigau na Mbololo ambao mazao yao huliwa na ndovu. Mradi umepata banda katika maonyesho ya mwezi ujao, na wanataka mchezo wa kuvuta watu. Hawataki mchezo wa kukaa, wanataka mtu acheze kwa mwili wake. Ami amechonga ndovu wa plaiwudi, mrefu kunishinda mimi, akamweka juu ya magurudumu kwenye reli ya chuma. Mwisho mmoja wa reli pana shamba la mahindi, ambalo mimi ndiye wa kulichora, na mwisho wa pili pana mlima. Ndovu amefungwa kamba inayopita juu ya roda, kigurudumu cha kuvutia mizigo, na kwenye ncha yake pananing'inia gunia la mchanga. Gunia likishuka, ndovu anakuja shambani. Mchezaji anapanda juu ya mbao mbili zilizofungwa kwenye pedali, anakanyaga kama mtu apandaye ngazi isiyomfikisha popote, na ndovu anarudi nyuma. Akifika mlimani kengele inalia. Ukichoka, anakula mahindi yako.

Nilipoona jinsi anavyosogea nilisahau brashi mkononi, rangi ikanidondokea kiatuni.

"Profesa," akasema Kiilu, fundi wa kuchomelea, "hiyo rangi ni ya mahindi ama ya viatu?"

Simpendi Kiilu.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimechora mahindi. Mvua.

Jumatatu, 1 Desemba

Leo alikuja Donald, ofisa wa mradi. Ni kijana wa Wusi, amesoma chuo kikuu, shati lake halina tope hata katika hali hii ya hewa. Aliniuliza, "Na wewe Firdaus, unaonaje?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo kwenye karakana. Nikatazama chini. Nilikuwa na la kusema na halikutoka.

Ilikuwa siku ya majaribio. Donald aliwaita watu wa soko waje wacheze, nami nilimwita rafiki yangu Koki. Mchuuzi mmoja wa nyanya alipanda kwanza. Akakanyaga, akahema, akapumzika, ndovu akaja, akakanyaga tena. Watu wakacheka. Kisha Donald akamsimamisha palepale juu ya mbao na kumuuliza maswali ya mradi: shamba lako ni kubwa kiasi gani, mwaka jana ulipoteza nini. Huku nyuma foleni ilikuwa imefika mlangoni, na wa mlangoni walikuwa wakinyeshewa. Mzee wa pili alipopanda, wa mlangoni walikuwa wameondoka. Wa tatu alipomaliza, hapakuwa na wa nne.

"Wamefurahia sana," akasema Donald.

Waliocheza walifurahia. Mimi niliwaona wale walioondoka, maana nilikuwa nimesimama nyuma pamoja nao. Mama mmoja alimwambia mwenzake, "Twende zetu, hii ni ya mtu mmoja." Nilitaka kumwambia Donald. Nikamwambia Koki.

"Aki Fida, si umwambie mwenyewe? Hana meno ya simba."

Jumatano, 3 Desemba

Habari mbaya. Uwanja umejaa maji, na ukikauka kidogo wanasiasa wanauchukua kwa mikutano yao. Maonyesho yalikuwa ya siku tatu. Sasa yamesogezwa hadi tarehe kumi na tisa, alasiri moja na siku moja basi. Wageni ni walewale. Wafadhili wa mradi wamesema banda lisipopitisha watu wengi hawataulipia mchezo usafiri wa kuzunguka vijijini.

Ami aliniita pembeni. "Mwanangu, mchezo huu ukikubaliwa nitapata kazi ya mwaka mzima, nitahitaji mtu. Nitamwambia babako akuache hapa. Usipokubaliwa, nitamwambia nini? Kwamba namtaka binti yake apake rangi milango?"

Sikulala mchana kama kawaida. Kumbe nataka kubaki. Sikujua kuwa nataka kitu kwa nguvu namna hii.

Alhamisi, 4 Desemba

Dawa ya Donald ni filimbi. Kila mchezaji apewe muda mfupi, filimbi ikilia ashuke. Tulijaribu kwa watu wa soko. Kijana mmoja alipulizwa filimbi ndovu akiwa amebakisha kidogo tu kufika mlimani. Akakataa kushuka. "Mimi nimemfukuza, mwingine ndiye atapiga kengele?" Wakashikana mashati. Ami aliwatenganisha.

Dawa ya Ami ni kujenga mtambo wa pili. Chuma kiko ndani ya lori, na lori liko ng'ambo ya maji.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimechora. Ekseli, kile chuma kinachozungushwa na pedali, ni moja na ndovu ni mmoja, lakini mbao za kukanyagia ni jozi sita, watu sita wamesimama bega kwa bega. Hatuhitaji chuma kipya, vipande vya baiskeli viko tele nyuma ya karakana. Sikuweza kumpa Ami mkononi, kwa hiyo niliweka mchoro juu ya meza yake nikaugandamiza kwa spana, nikaenda kuosha brashi.

Alipokuja Donald saa tisa, Ami alimwambia, "Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kwa nini tusiwapandishe sita kwa pamoja?"

Nimefikiri. Alisema *nimefikiri*.

Kiilu alikuwa ananiangalia. Hilo liliniudhi zaidi.

Jumamosi, 6 Desemba

Sina hamu ya kuandika lakini nitaandika.

Tulimaliza kufunga jozi zote sita asubuhi. Nilikuwa nimemwomba Koki aje awe mmoja wa wachezaji wa kwanza. Wengine walikuwa vijana wa sokoni, wapagazi wenye mapaja kama magogo. Ami akasema haya, kanyageni.

Mwanzoni ilipendeza. Ndovu aliondoka shambani kama aliyeitwa na mamake. Kisha wale wapagazi wakaanza kushindana. Mbao zote zimefungwa kwenye ekseli moja, kwa hiyo mmoja akienda kasi, zote zinakwenda kasi. Koki hakuweza kuwafuata. Mguu wake uliteleza, na ubao ukaendelea kuzunguka bila yeye, ukamgonga kwenye muundi. Nilisikia sauti ya mbao na mfupa. Alipiga kelele, na wale wengine hawakuweza kusimama mara moja, kwa hiyo ubao ukamgonga tena.

Ngozi imechanika na mguu umevimba, lakini haukuvunjika. Muuguzi alimfunga. Mamake Koki alikuja, akaniuliza mimi, mbele ya watu, "Nani alitengeneza hiyo kitu?" Ami alikuwa kando yangu, na kwa mara ya kwanza hakusema nimefikiri. Alisema, "Ni mashine tu, mama, bahati mbaya." Mimi nilisema, "Ni mimi." Nilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba alinitaka nirudie.

Nilirudia. Akanitazama, akamshika bintiye mkono, akaenda zake.

Jioni nilimwambia Mama kichwa kinauma.

Jumapili, 7 Desemba

Nimekwenda kumwona Koki. Nilidhani hatataka kuniona. "Ulikuja bila maandazi?" ndilo neno lake la kwanza.

Jumanne, 9 Desemba

Jana sikwenda karakana. Leo Kiilu alipita nyumbani, akasimama nje ya uzio, hakuingia.

"Profesa. Unajua baiskeli?"

"Naijua."

"Ukiwa unateremka mlima ya Mbololo, miguu umetuliza, si tairi inaendelea kuzunguka?"

"Inaendelea."

"Kwa nini miguu haizungushwi?"

Nilisimama nimeshika ndoo ya maji. Friwili! Kile kigurudumu cha meno kinacholia tik-tik-tik, kinachoruhusu tairi kwenda huku miguu imetulia. Kila jozi ya mbao ikiwa na friwili yake, mwenye kasi atakwenda kasi, na mchovu atakanyaga kwa mwendo wake bila kuburutwa.

"Kwa nini hukusema Jumamosi?" nikamuuliza. Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

"Nilikuwa nangoja wewe utaona. Wewe ndiye ulichora." Akaondoka. Halafu akarudi. "Lakini kufungua hizo zenye kutu, hiyo utanisaidia. Mimi siwezi kuumia vidole peke yangu."

Tumezifungua mpaka karibu na Magharibi. Vidole vyangu vimechubuka vyote. Bado simwelewi huyu mtu.

Jumatano, 10 Desemba

Friwili zinafanya kazi. Nilijaribu mimi mwenyewe kwanza, kisha Ami, kisha wapagazi.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Hakuna kazi, lakini Donald alikuja.

Nilidhani atafurahi. Alizunguka mtambo, akapanda, akashuka, akasema, "Sasa mshindi ni nani?"

Ami akanitazama. Mimi nikatazama reli.

"Mchezo lazima uwe na mshindi," Donald akaendelea. "Mkiwaweka sita pamoja, wawili watakanyaga na wanne watasimama tu kama wageni wa harusi. Kalenda ya zawadi nitampa nani?"

"Wote," nikasema.

"Wote?"

"Ndovu akirudi, wote wameshinda. Shambani kwao si hivyo? Hakuna mtu... hakuna..." Na hapo maneno yakaniishia. Nilikuwa nayo yote kichwani, yamejipanga vizuri kama sahani kabatini.

Donald alingoja kwa adabu. Kisha akamgeukia Ami. "Tutaona." Wiki iliyopita nilidhani mtu huyu anasikiliza. Sasa naona kuwa kuuliza na kungoja jibu anaweza, ila jibu lenyewe lisipokuja limevaa viatu halipokei.

Jumatatu, 15 Desemba

Redio imesema magari yameanza kupitishwa machache machache kwenye barabara ya Mombasa. Baba aliongeza sauti. Kwa wiki tatu nimekuwa nikifurahi kila wanaposema bado, halafu naona haya, maana kuna watu nyumba zao zimekwenda na maji. Leo sikuona haya. Nilikasirika tu.

Jumatano, 17 Desemba

Tumejaribu tena, na hesabu haitoki. Kucheza sita kwa pamoja ni haraka, lakini kuwapandisha na kuwashusha kunachukua muda kuliko mchezo wenyewe. Wa kwanza anashuka na kusimama kuwapongeza wenzake. Wa pili anatafuta ndala zake. Wanawake wanatengeneza leso. Donald anawauliza maswali hapohapo. Wa foleni wanapanda kabla wengine hawajashuka, wanakanyagana. Nimewaza kuchora alama za nyayo chini, nimewaza kamba, nimewaza mlango wa kuingilia na wa kutokea. Watu hawatoki kwa sababu ya mlango. Wanabaki pale walipofurahia.

Nimefuta mchoro mpaka karatasi imetoboka.

Ijumaa, 19 Desemba

Leo maonyesho yamefunguliwa, baada ya sala ya Ijumaa. Uwanja ni tope kutoka lango hadi lango. Banda letu liko mwisho kabisa, baada ya mbuzi. Koki alikuja akichechemea, akajitolea kuwa mwitaji. Ana sauti ya kuita mtu kutoka Voi mpaka stesheni ya pili. "Njooni mfukuze ndovu! Bure! Ndovu hana njaa ya watu!"

Watu walijaa. Saa ya kwanza ilikwenda kwa taabu, kama nilivyoogopa. Sita wanacheza, hamsini wananung'unika.

Kisha likafika trekta kutoka Kasigau, trela limejaa akina mama. Walikuwa wamesafiri tangu alfajiri kwa ile njia yao mbovu, wana tope hadi magotini, wanaimba. Wakapanda sita. Wakakanyaga vizuri kuliko mtu yeyote, ndovu akarudi nyuma hadi kuvuka mpaka wa shamba niliouchora. Na hapo, wote sita kwa pamoja, wakaruka chini kutoka kwenye mbao, wakaanza kumkimbiza.

Walimkimbiza! Kando ya reli, wakipiga mayowe na kupiga makofi, na wenzao waliokuwa kwenye foleni wakavuka kamba wakawafuata, mmoja akipiga sufuria ya mwenye kuuza chai.

Koki aliita, "Msishuke! Rudini kwa mbao!" Mimi pia nilisema msishuke, nadhani niliyesikia ni mimi peke yangu. Donald akaingia kati ya reli, mikono juu, kuwazuia. Lakini mbao hazikuwa na mtu. Gunia likashuka kwa kishindo, mbao zikazunguka kinyume kama panga za feni, na ndovu akarudi mbio shambani. Mkonga wake ulimpiga Donald mgongoni. Alianguka kifudifudi ndani ya tope, na ndovu akapita mpaka mwisho wa reli, akavunja mahindi yangu yote.

Uwanja mzima ulicheka. Hata mbuzi, nadhani.

Donald alisimama. Shati lile. Aliniambia, si Ami, aliniambia mimi, "Hawakufuata maagizo. Kesho tunarudi kwa mchezaji mmoja. Mmoja, Firdaus. Na kamba imara."

Mama mmoja wa Kasigau, aliyejifunga leso ya njano, alikuja kuokota ndala zake.

"Shikamoo mama," nikasema. "Kwa nini mlishuka?"

"Marahaba. Kwani huyo ndovu hakugeuka? Akigeuka ukisimama, atakuona mjinga, atarudi. Unamfuata mpaka avuke."

"Na hapa alirudi."

"Basi si nilikuambia?" Akacheka, akanipiga bega. "Lakini tumefurahi. Mwenzangu kule amepoteza kiatu na hataki kukitafuta."

Wote walikuwa wamesimama upande wa mlima, mbali na mbao. Wamefika pale wenyewe. Hakuna aliyewaongoza, hakuna mlango. Mbao zilikuwa tupu.

Nilimkimbilia Kiilu. Nilimwambia nataka jino, kipande cha chuma kwenye ekseli cha kumshika ndovu akishavuka mpaka, asirudi mpaka tukiachilie. Wakanyage mpaka avuke, jino lishike, washuke, wamkimbize kwa madebe hadi mlimani, wapige kengele wenyewe. Wakifika mlimani wako nje. Donald awaulize maswali huko huko, awape kalenda huko huko. Na wakati wanakimbia, sita wengine wanapanda; kengele ikilia tunaachilia jino na ndovu anarudi shambani. Nilisema yote hayo bila kupumua.

Kiilu alinitazama. "Leo umekunywa nini?"

Alikwisha kuliweka jino kabla ya Magharibi. Ami alikwenda kuzungumza na Donald. Sijui alimwambia nini.

Jumamosi, 20 Desemba

Kumbe alimwambia, "Firdaus amefikiri." Donald mwenyewe ndiye aliyeniambia asubuhi, amevaa fulana. Akasema, "Nakupa saa moja. Isipofanya kazi, ni mmoja mmoja."

Na Koki hakuja. Alikuwa amelala Mbololo kwa bibi yake na mto umejaa, hakuna kuvuka. Mchezo huu sasa hauwezi kwenda bila sauti. Lazima mtu aseme pandeni, na jino likishika lazima mtu aseme mkimbizeni, la sivyo watashuka mapema au hawatashuka kabisa. Kiilu yuko kwenye jino. Ami yuko kwenye kamba. Nilimtazama Ami, Ami akanitazama.

"Mimi sauti yangu ni ya kuuzia misumari," akasema. "Panda juu ya kreti."

Kundi la kwanza liliharibika. Nilisema mkimbizeni kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Walibaki juu ya mbao wakikanyaga hewa. "Nini?" mmoja akauliza. "Anasema nini huyo mtoto?" Kundi la pili wakashuka kabla ya jino. Donald akaangalia saa. Nilihisi machozi, na nilikasirika kwa sababu yalikuwa yanakuja mbele ya watu, na hasira ile ndiyo iliyotoka. Nikapiga yowe: "MKIMBIZENI! NYOTE! MKIMBIZENI!"

Wakakimbia. Madebe, sufuria, mayowe, kengele. Kabla haijanyamaza sita wengine walikuwa wamekwisha kupanda, kwa kuwa mbao zilikuwa wazi na zinawaita. Na waliosubiri foleni walipiga madebe pia, kwa hiyo hata wao walikuwa wanacheza. Hakuna aliyesema ni ya mtu mmoja. Palikuwa na mvivu mmoja aliyesimama tu juu ya mbao zake, na bibi aliyekuwa kando yake akamwambia, "Baba, ulikuja kufukuza ndovu au kumpokea?" Akakanyaga.

Saa moja ikapita, Donald hakuja kunisimamisha. Alikuwa mlimani, amezingirwa, anauliza maswali na kugawa kalenda, na anacheka.

Alasiri, nikiwa juu ya kreti nikiwafokea wanaume wa makamo washuke upesi, nilimwona Baba. Alikuwa amesimama kando ya banda la mbuzi, kanzu ameikunja isiguse tope. Sijui alikuwa pale tangu lini. Aliwatazama wanaopanda. Alinitazama. Hakuja karibu. Nilipogeuka tena alikuwa ameondoka.

Jumapili, 21 Desemba

Ami alikuja kula nasi leo mchana. Baada ya chakula Baba akasema, "Barabara imefunguka. Jumatano kuna basi. Shangazi yake anamngojea."

Ami akakohoa. "Kaka, mradi wamekubali. Mchezo utazunguka Kasigau, Mbololo, kote. Namhitaji Firdaus. Kazi nyepesi tu, ya heshima. Atakaa ndani, aandike risiti, aweke karakana safi."

Najua kwa nini alisema hivyo. Alitaka kupita mlango mwembamba. Lakini vidole vyangu bado vina kutu.

"Si risiti," nikasema.

Mama akaacha kuondoa sahani.

"Unasema?" akauliza Baba.

"Si kuandika risiti, Baba. Mchezo ule nimeuchora mimi. Friwili ni Kiilu. Lakini watu sita, na kutokea mlimani, ni mimi. Sitaki kwenda Kisauni. Nataka kukaa kwenye karakana nitengeneze mingine."

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, ikabidi wote tungoje ipungue ndipo tusikilizane.

"Jana nilikuja," akasema hatimaye. "Nilitaka kupanda."

"Nilikuona, Baba."

"Sikupanda. Goti langu hili halikanyagi ngazi, na kukimbia ndiyo kabisa. Wako wengi kama mimi, walisimama kule kwa mbuzi. Hao umewawekea nini?"

Nilitafuta. Kweli nilitafuta. "Sijawawekea kitu," nikasema. "Sikuwafikiria."

"Basi kazi hujaimaliza."

"Sijaimaliza."

Akachukua kofia yake, akasimama kwa taabu akiegemea ukuta. Akamwambia Mama, "Mpelekee shangazi yake salamu, mwambie atafute mwingine. Mtu haachi kazi katikati." Kisha akanielekezea kidole. "Na kuwafokea watu wazima vile, utawaamkia kwanza."

Jumanne, 23 Desemba

Ndovu ameondoka leo kwenda Kasigau juu ya trekta, pamoja na Kiilu na Donald. Mimi sikwenda. Mtoto wa kike halali Kasigau, amesema Baba, na Ami ameitikia upesi mno. Sauti yangu walikuwa wanaitaka, mimi mwenyewe hapana. Nimesaga meno siku nzima. Mama mwenye leso ya njano atakuwa huko, atauliza yule msichana yuko wapi, na Kiilu atajibu upuuzi.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimefunga ekseli nyingine kwa vipande vya baiskeli, nikajaribu kuizungusha kwa mikono badala ya miguu, kwa ajili ya wenye goti kama la Baba. Mikono haina nguvu. Gunia limepanda shubiri moja.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimetengeneza kiti, ubao wenye mgongo uliofungwa karibu na ekseli, ili mtu asukume kwa nyayo akiwa ameketi, goti lisipinde sana. Nilidhani kimefaulu. Kwangu mimi kilifaulu.

Saa nne Baba aliingia kwenye karakana. Hajawahi kuingia. Aliamkiana na Ami, akakagua kiti kwa mkono kama anavyokagua gunia la mchele, akavua viatu, akaketi. Akasukuma. Ekseli ikazunguka nusu.

"Laniuma," akasema.

"Wapi, Baba?"

"Hapa, upande wa ndani. Kiti kiko karibu mno."

Nikasema pole, nitakirekebisha, atakuja siku nyingine kikiwa tayari. Hakuinuka. Alikunja kanzu yake vizuri juu ya mapaja, akaegemea mgongo wa kiti.

"Spana yako i wapi?" akasema. "Mimi nimekaa."